Tovuti Inapofunguka kwenye Kompyuta Moja na Kugoma kwenye Nyingine

Katika steshenari nyingi za Kahama, Katoro na Shinyanga Mjini, kompyuta kadhaa hutumia ruta moja. Huko ndiko waombaji wengi wa mikopo ya elimu ya juu hukimbilia siku za mwisho za maombi. Ikitokea tovuti imefunguka kwenye kompyuta mbili na kugoma kwenye ya tatu, usinunue kwanza bando jipya. Huduma imefika, yaelekea kasoro imo ndani ya kompyuta iliyogoma. Tunashauri uikague kwa utaratibu huu:

1. Tazama tarehe na saa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye siku ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imechoka hurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika, hivyo hukikataa cheti halali. Rekebisha tarehe. Tatizo likijirudia, badilisha betri.

2. Fungua tovuti nyingine. Zote zikigoma, kagua waya au Wi-Fi ya kompyuta hiyo. Ikigoma moja tu, futa kumbukumbu za muda za kivinjari au tumia kivinjari kingine.

3. Sasisha programu. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilifikia ukomo, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikusasishwa vikashindwa kuzifungua.

Tahadhari: kivinjari kikikuonya kuwa tovuti si salama, usilipuuze onyo hilo ukaandika nywila au namba ya kitambulisho cha taifa. Huenda ni tarehe tu iliyokosewa; huenda pia ni tovuti ya matapeli. Kwa macho hutaweza kuzitofautisha.

Vifaa vyote vinavyotumia ruta hiyo vikigoma, jaribu kwa simu yenye mtandao mwingine. Ikigoma huko pia, huenda tovuti yenyewe ina hitilafu. Ikifunguka, wasiliana na mtoa huduma wako. Andika jina la tovuti, tarehe na saa, kisha upige picha ya ujumbe wa kosa. Usiporidhika na majibu yake, wasilisha lalamiko na kumbukumbu hizo kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.