Jirani Zetu Waislamu wa Ufipa
Ndugu, someni Luka 10:25–37. Huku Ufipa Wakatoliki ndio wengi, kwa kazi ya Mapadre Weupe waliofika Karema mwaka 1885; Waislamu ni wachache, nasi Walutheri vivyo hivyo.

Zamani shule nyingi zilikuwa za misheni, hata serikali ilipozitwaa kwa sheria ya 1969. Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao, wasije wakabatizwa, nao wakachelewa katika elimu. Wengine husema, “Walikataa wenyewe.” Neno hilo si haki: ni baba gani kwetu angempeleka mwanawe akidhani atarudi na dini nyingine?

Katiba ya 1977, ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dini. Basi, Mwislamu ajapo Sumbawanga kutafuta chumba, twamwuliza kodi, ama jina?