Samaki wapya wamekufa siku ya tatu

Swali: Msomaji alinunua samaki watano wa mapambo, wakafika nyumbani wazima, akawamimina kwenye tangi jipya la kioo lenye maji ya bomba. Asubuhi ya tatu wanne walikuwa wanaelea. Kosa liko wapi?

Jibu: Mshukiwa wa kwanza ni bomba. Klorini iliyomo kwenye maji yake huunguza matamvua ya samaki. Maji yakikaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24, nyingi huyeyukia hewani. Kloramini, ambayo baadhi ya maji ya bomba huwa nayo badala ya klorini, haiondoki hivyo, inahitaji dawa ya dukani.

Mfuko wa kubebea samaki nao una hila zake. Uelee tangini dakika 15 hadi 20 ukiwa umefungwa, joto lilingane. Baada ya safari ndefu, hewa chafu ya pumzi huwa imefanya maji ya mfukoni yawe na asidi, na asidi hiyo huipunguzia makali amonia wanayoitoa samaki. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, na amonia hugeuka sumu kali. Kwa hiyo ukishafunguliwa, kusiwe na porojo: samaki wachotwe kwa wavu, maji ya mfuko yamwagwe. Samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea pH ya karibu 9, ndio hasa wa kuogopewa.

Lakini vifo vya siku ya tatu hulielekezea kidole zaidi tangi lenyewe. Katika tangi jipya, bakteria wanaokula amonia huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi. Yule mmoja aliyebaki alishwe kidogo, na asiletewe wenzake mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti itokanayo nayo kisome sifuri.