Raketi Inayokuvumilia: Namna ya Kuichagua

Anayejifunzia tenisi kwenye kiwanja cha shule au cha murram, huko Mukuyuni na kwingineko Ukambani, hukabiliwa na mdundo usiotabirika. Mpira ukigonga kijiwe hubadili njia, na mkono ambao haujazoea hauwahi kujirekebisha. Badala ya kugonga katikati ya nyuzi, mpira hugonga pembeni; raketi hujipinda mkononi na mpira hudondoka wavuni. Mazoezi yatasaidia. Lakini raketi nayo ina mchango mkubwa, na anayeanza anastahili ile inayovumilia makosa yake.

Anza na upana wa kichwa. Raketi za mbao za zamani zilikuwa na kichwa cha takriban inchi 65 hadi 70 za mraba. Mwaka 1976 mhandisi Mmarekani Howard Head, kupitia kampuni ya Prince, alileta sokoni raketi ya inchi 110 za mraba. Mwaka 1978 Pam Shriver, akiwa na umri wa miaka 16, aliitumia kufika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani. Kichwa kipana kina uzito uliosambaa mbali na mstari wa katikati, kwa hiyo mpira ukigonga pembeni raketi haipindiki kwa urahisi. Mtu mzima anayeanza achague kati ya inchi 100 na 110 za mraba. Hata Roger Federer, aliyecheza miaka mingi na kichwa cha inchi 90, alihamia inchi 97 mwaka 2014.

Usidanganywe na wepesi. Raketi nyepesi mno hupendeza dukani, lakini mpira wenye kasi huisukuma nyuma na mtikisiko huishia kwenye kiwiko. Kwa watu wazima wengi, gramu 265 hadi 290 kabla ya nyuzi zinatosha. Mara nyingi uzito na upana wa kichwa huwa vimeandikwa kwenye fremu yenyewe, karibu na koo la raketi.

Pima mshikio. Shika raketi kama unayetaka kupiga, kisha pitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikitosha barabara, mshikio unakufaa. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua ndogo: kuunenepesha mshikio kwa utepe ni rahisi, kuupunguza ni taabu.

Nyuzi zina uzito sawa na fremu katika uamuzi wako. Watu wengi hutafuta nyuzi za poliesta kwa sababu ndizo za wachezaji wa kulipwa. Ni ngumu, huuchosha mkono, na hupoteza mvuto wake haraka. Anayeanza aombe nyuzi za nailoni, zivutwe kwa ratili 48 hadi 53, yaani kilo 22 hadi 24. Nyuzi zilizolegea kiasi husukuma mpira mbali bila kutumia nguvu nyingi, na hupunguza mtikisiko. Ukienda kucheza Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, hewa ni nyepesi na mpira huruka zaidi. Mipira yako ikianza kupita mstari wa nyuma, mwambie fundi aongeze ratili mbili.

Ukinunua raketi ya mtumba, ikague kwa mkono. Pitisha kidole ndani ya duara la kichwa, hasa juu na mabegani, ukitafuta ufa. Tazama pia koo la raketi. Gonga fremu kwa kifundo cha kidole: sauti ya kuvunjika au ya kukwaruza ni dalili mbaya. Chunguza vijibomba vya plastiki ambamo nyuzi hupita. Vikivunjika, fremu hukata nyuzi. Nyuzi utakazozikuta huenda zimekaa miaka mingi, kwa hiyo weka akiba ya kuzibadilisha kabla ya kukubali bei. Na usiache raketi ndani ya gari juani, kwa maana joto hulegeza nyuzi.

Mtoto apewe raketi ya kimo chake. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa inchi 27. Mtoto wa miaka sita hadi minane anahitaji takriban inchi 23, na wa minane hadi kumi inchi 25. Mpe pia mpira wa polepole: mwekundu hupunguza kasi kwa takriban asilimia 75, wa chungwa asilimia 50 na wa kijani asilimia 25.

Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, aliwapa vijana wa Kenya sababu ya kutamani mchezo huu. Kijana anayemwiga aanze kwa kuiga bidii yake, si raketi yake. Raketi ya bingwa ni ya mtu ambaye mkono wake umeshazoea kugonga katikati.

Pesa zikiwa chache, nunua fremu ya mtumba iliyo nzima, yenye kichwa kipana, kisha utumie kilichobaki kwa nyuzi mpya za nailoni. Hilo litakusaidia zaidi kuliko fremu ya bei kubwa yenye nyuzi zilizokufa.