Mkazo wa Neno katika Kuimba Misa: Somo kwa Walimu wa Shule za Msingi

Mwanachuo apitaye Posta, Dar es Salaam, aingie siku moja katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902 likielekea bandarini, asikilize kwaya ikiimba Misa. Awe wa dini hiyo au asiwe, haja yetu hapa ni uimbaji.

Misa ya kuimbwa ina sehemu tano kuu ambazo maneno yake hayabadiliki: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Kwa karne nyingi ziliimbwa kwa Kilatini, isipokuwa ya kwanza, ambayo ni Kigiriki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji mwaka 1963, watungaji wetu walikutana na tatizo ambalo mwalimu wa Darasa la Tatu analijua: mahadhi yapo, maneno hayaenei.

Tuchukue neno moja. Sanctus ya Kilatini ina silabi mbili, na mkazo uko mwanzoni. Mtakatifu ina silabi tano, m-ta-ka-ti-fu, na mkazo uko kwenye ti. Tukilibandika juu ya mahadhi ya Kilatini, pigo zito huangukia m, na sikio hukataa. Hapana budi kutunga upya.

Wala si jambo dogo, kwani mkazo hubeba maana. Tukikaza ba ya pili, barabara ni njia. Tukikaza ra ya kwanza, ni sawasawa. Tumepata kusikia darasa likiwaimbia wageni kwa sauti tamu sana, wageni wasitambue hata neno moja. Mwalimu alipongezwa!

Palestrina wa Italia alilijali hilo zamani. Katika Misa yake ya Papa Marcellus, iliyochapishwa mwaka 1567, Utukufu na Nasadiki zina maneno mengi. Hapo mara nyingi waimbaji hutamka silabi kwa pamoja ili zisikike.

Basi, kabla ya do-re-mi, tuandike maneno ubaoni. Watoto wayaseme kama wasemavyo uwanjani, wakipiga kofi penye mkazo. Kofi na pigo la wimbo visipokutana, tubadili wimbo, si neno. Darasa la dini mbalimbali halihitaji maneno ya Misa. Majina ya mitaa yatosha. Tuanze na Kisutu, kisha Kivukoni. Mnazi Mmoja tuiache mwisho, maana ile m huwasumbua hata wanakwaya wazoefu.