Umefika, au Bado Uko Handeni?



Jumamosi moja nilipanda basi Handeni kwenda Korogwe kumwona mama, alikuwa amelazwa. Nikatoa rozari. Tendo la kwanza lilienda vizuri. La pili, nikaanza kupiga hesabu: dawa, kodi ya chumba, deni la dukani. Kuja kushtuka, tuko stendi ya Korogwe na kidole kiko kwenye punje ileile.

Wodini ikawa vilevile. Mama anasimulia, mimi naitikia "ndiyo, mama", huku nachungulia simu. Akanishika mkono. "Mwanangu, umefika, au bado uko Handeni?" Iliniuma, jamani.

Mtakatifu Teresa wa Avila, Mwalimu wa Kanisa tangu 1970, anakiri katika kitabu cha maisha yake kwamba kuna miaka alikuwa akisali huku anangoja saa igonge, muda uishe. Kumbe hata yeye! Kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya Komunyo. Alijipa kitu cha kuyarudisha mawazo.

Basi nikipotea siku hizi, sijigombezi. Nataja jina la Yesu kimoyomoyo, naendelea na punje niliyoshika. Sianzi upya. Na madeni namtajia Yeye kabla ya sala, moja moja.

Jumamosi iliyofuata simu ilibaki kwenye mkoba. Nikammenyea mama chungwa. Akarudia habari ileile, na safari hii nikaisikia: alikuwa anaogopa upasuaji.