Dondoo muhimu: Sakafu ya boti ikioza

Usianze na zulia. Sakafu inayobonyea ukiikanyaga imeoza kwa chini, na zulia jipya litaficha tu ubovu. Ng'oa la zamani, kisha chokoa mbao kwa bisibisi, hasa penye miguu ya viti na upande wa tezi, ambako maji hutuama. Kata mpaka penye mbao ngumu, halafu ongeza kidogo.

Kina cha msumeno wa umeme kisizidi unene wa plaiwudi. Chini huenda kuna nyaya au tangi la mafuta. Povu lililolowa chini ya sakafu litoe lote, halikauki kwa kungojewa. Mihimili nayo ikiwa laini, sakafu mpya haina pa kushika.

Vipande vilivyooza tumia kama kipimo cha kukatia vipya. Nunua plaiwudi ya baharini, ghali lakini gundi yake haiachii majini. Ipake epoksi pande zote, kingo mara tatu, pamoja na ndani ya kila tundu la skrubu, maana hapo ndipo maji hupenyea. Kwa boti ya alumini, epuka mbao zenye dawa ya shaba, huila alumini.

Zulia liwe la polipropilini, si la pamba wala sufu. Litandaze juani lilainike, paka gundi isiyoachia majini kwa mwiko wenye meno, kandamiza kuanzia katikati. Boti ya kuvulia samaki? Mimi ningeacha zulia kabisa, nikapaka rangi iliyochanganywa na mchanga.