Tafuta Fundi Kabla Mashine Haijaharibika

Somo letu la leo linahusu mafundi. Tunataka tujifunze namna ya kumpata fundi wa kuaminika wa kutengeneza mashine ya kazi. Hatukulitoa somo hili kitabuni. Tulilipata kwa kupoteza fedha zetu wenyewe.

Sisi ni kikundi cha watu wanane, akina mama watano na wanaume watatu. Sote tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima. Kazi yetu kubwa ni kilimo cha mpunga na mahindi. Kazi yetu ya pili ni kuosha mazulia kwa mashine.

Huenda utacheka. Mashine ya mazulia na kijijini wapi na wapi? Lakini kijiji chetu kiko karibu na mji. Mjini kuna misikiti, makanisa, nyumba za wageni na nyumba nyingi zenye mazulia. Zulia la msikiti hukanyagwa na watu wengi kila siku, na huwezi kulibeba ukalifue mtoni. Basi baada ya mavuno tuliuza mpunga wa shamba letu la pamoja, tukanunua mashine kwa shilingi 1,800,000.

Yaliyotupata

Mwaka wa kwanza kazi ilikwenda vizuri. Kisha siku nne kabla ya Idi, tukiwa tumeahidi kuosha mazulia ya msikiti mmoja, mashine ilianza kupungua nguvu. Tukasikia harufu ya kuungua. Tukaona cheche ndani ya mota. Halafu kimya.

Tulihangaika. Mwenyekiti wetu alikimbilia kwa fundi wa kwanza aliyemwona barabarani. Fundi yule alikuwa akitengeneza redio na pasi. Alipoiona mashine alisema, "Hii ndogo tu, mama. Niachieni, njooni kesho."

Tukamwachia. Hatukuandika kitu. Tulimpa shilingi 150,000 palepale, naye hakutupa risiti.

Kesho ikawa keshokutwa. Idi ikapita. Msikiti ukatafuta watu wengine, na sisi tukaona aibu hata kupita njia ile. Baada ya siku tisa tulirudishiwa mashine. Ilikuwa ikinguruma kuliko zamani na kuvuta maji kidogo. Siku ya tatu ikazima tena.

Safari hii tulimwendea mzee mmoja anayesuka mota. Aliifungua mbele yetu, akatuuliza, "Mota hii ndiyo mliyonunua nayo?" Tulitazamana. Ilikuwa mota ndogo, iliyotumika, na imefungwa kwa waya. Mzee akatuuliza ile ya kwanza ilianza vipi kuharibika. Tulimweleza habari ya cheche na harufu. Akasema dalili hizo mara nyingi ni za kaboni zilizokwisha. Kaboni mpya mbili zingeweza kutugharimu shilingi 20,000 tu.

Tulikwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitusikiliza vizuri, kisha akauliza swali moja: "Mna maandishi?" Hatukuwa nayo. Hatukujua hata namba iliyokuwa kwenye mota yetu. Fundi wa kwanza akasema mota ni ileile aliyoikuta. Mpaka leo hatuwezi kuthibitisha kwamba aliibadili, wala yeye hawezi kuthibitisha kwamba hakuibadili. Mota nyingine ilitugharimu shilingi 280,000.

Ndugu msomaji, jambo lililotuuma zaidi ni hili. Tulikuwa watu wanane, sote tunajua kusoma na kuandika, na hakuna hata mmoja aliyetoa kalamu mfukoni.

Kwanza, ijue mashine yako

Mtu asiyejua mashine yake hudanganywa kirahisi. Huna haja ya kuwa fundi. Inatosha ujue sehemu kubwa na kazi zake.

Mashine yetu ina matangi mawili. Tangi moja ni la maji safi yenye sabuni. Pampu husukuma maji hayo katika mpira mwembamba hadi kwenye kichwa tunachokishika mkononi. Kichwani kuna tundu dogo linalorusha maji kwenye zulia. Hapohapo mota ya kuvuta hunyonya yale maji pamoja na uchafu. Maji machafu hupita katika mpira mnene na kuingia tangi la pili.

Kwa hiyo kuna kazi tatu: umeme, kusukuma maji na kuvuta maji. Mashine ikigoma, jiulize ni kazi ipi iliyogoma.

Kama mashine haiwaki kabisa, tazama kama umeme upo, kisha plagi na waya wake.

Kama maji hayatoki, tazama kama tangi lina maji. Tazama chujio na lile tundu dogo. Mara nyingi huzibwa na sabuni iliyoganda au chokaa ya maji ya kisima.

Kama haivuti, tazama kama tangi la maji machafu limejaa. Ndani yake kuna boya linalozuia maji yasiingie kwenye mota. Likinasa juu, mashine haivuti. Tazama pia kama mpira umepasuka, au kama kifuniko hakikukaa sawasawa na kinapitisha hewa.

Mambo haya unaweza kuyatazama mwenyewe bila kumlipa mtu. Lakini chomoa plagi kwanza! Maji na umeme havina urafiki. Usifungue mota wala pampu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Pili, jua unamtafuta fundi gani

Ukiuliza, "Nani hutengeneza mashine za mazulia?" watu wengi watakujibu kwamba hawajui. Sisi tuliuliza hivyo tukakata tamaa. Tulikosea swali. Mota ni mota, na pampu ni pampu. Mota ya kuvuta inaweza kutengenezwa na fundi anayesuka mota. Pampu inaweza kutazamwa na fundi wa pampu za maji au wa mashine za kuoshea magari.

Ukitaka kuwapata, waulize watu wanaotumia mashine kila siku. Waulize madobi, wanaoosha magari, wenye mashine za kusaga na wasimamizi wa nyumba za wageni. Usiwaulize tu, "Mnamjua fundi mzuri?" Waulize, "Mashine yenu ilipoharibika, nani aliitengeneza? Ilidumu muda gani? Mlimrudia?" Watu wakimrudia fundi mara ya pili na ya tatu, huyo anafaa kutazamwa.

Huku Tanzania unaweza pia kuuliza katika chuo cha ufundi cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Au uliza ofisi ya SIDO ya mkoa. SIDO ni shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lilianzishwa mwaka 1973.

Na kama bado hujanunua mashine, muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha, "Vipuri vyake vinapatikana wapi?" Mashine ya bei nafuu isiyo na vipuri ni ghali.

Tatu, mpime fundi kabla ya kumwamini

Fundi mzuri huuliza kwanza. Mashine ilianza vipi? Ilitoa sauti gani? Ilitumika siku ngapi kwa wiki? Halafu hupima umeme kwa mita, hakisii. Hufungua mashine mbele yako na kukuonyesha kilichoharibika. Hutaja bei baada ya kutazama. Tena haoni haya kusema, "Hiki sikijui, mpelekeeni mwenzangu fulani." Fundi wa maneno hayo tunamheshimu sana.

Jihadhari na fundi anayetaja bei kabla ya kufungua. Jihadhari na anayetaka fedha zote mwanzoni, au anayekataa kukurudishia kipuri cha zamani. Zaidi ya hao, jihadhari na anayekata waya wa ethi na kusema hauna kazi. Waya huo ni wa kukulinda umeme unapovuja. Wewe unayesimama kwenye maji ndiwe utakayeuhitaji.

Usimjaribu fundi mpya kwa kazi kubwa siku ya haraka. Mpe kazi ndogo wakati mashine ni nzima. Sisi tulimwomba yule mzee wa mota atutazamie kaboni na beringi baada ya msimu. Tulikaa naye, tukatazama anavyofanya. Ndipo tulipomjua.

Nne, andika

Sasa tuna daftari la mashine. Ukurasa wa kwanza una jina la mashine, namba yake, namba ya mota, namba ya pampu, tarehe ya kununua na bei. Tumepiga pia picha za namba hizo kwa simu. Kurasa nyingine zinaonyesha siku mashine ilipofanya kazi, ilipougua na aliyeitengeneza.

Tukimpelekea fundi mashine, tunaandika mapatano mafupi. Tunaandika nakala mbili, moja yake na moja yetu. Yako hivi:

*Leo tarehe 14 Machi, kikundi kimemkabidhi fundi mashine moja ya kuoshea mazulia. Namba ya mota imeandikwa hapa chini. Ugonjwa: haivuti maji. Fundi atabadili kaboni mbili. Bei ya vipuri ni shilingi 20,000 na ufundi ni shilingi 15,000. Tumelipa kwanza fedha za vipuri. Fedha za ufundi tutalipa mashine ikishajaribiwa. Vipuri vya zamani tutarudishiwa. Kazi itakwisha tarehe 16 Machi. Ikiharibika kwa ugonjwa uleule kabla ya siku 30, fundi ataitazama tena bila ufundi kulipwa.*

Kisha fundi anatia sahihi, nasi tunatia sahihi, na shahidi mmoja.

Mwanzoni tuliona haya. Tulidhani fundi atasema hatumwamini. Lakini yule mzee alisoma, akacheka, akasema, "Karatasi hii inanilinda na mimi pia." Kweli kabisa. Mteja akidai kitu ambacho hakikuwamo, karatasi itasema. Fundi mwaminifu haogopi maandishi.

Nasi tuwe waaminifu kwa fundi. Kazi ikiwa nzuri, tumlipe siku ileile. Fundi anayezungushwa malipo leo, kesho ukimwita kwa haraka hatakuja.

Tano, itunze mashine ili usimtafute fundi kila siku

Kila baada ya kazi tunamwaga maji machafu na kuosha tangi. Tunapitisha maji safi matupu katika pampu na mpira ili sabuni isigande. Tunasafisha chujio. Hatuwashi pampu bila maji.

Hatuzidishi sabuni. Povu likijaa tangini linaweza kuvutwa hadi kwenye mota na kuiharibu. Tukiona chokaa, tunapitisha maji yenye siki kidogo, halafu tunasuuza kwa maji safi.

Hatutumii waya wa kuongezea ulio mwembamba na mrefu. Waya wa namna hiyo hupata moto, na umeme unaofika kwenye mashine hupungua. Tukisikia sauti ngeni au harufu, tunazima mara moja. Zamani tulikuwa tunasema, "Tumalizie chumba hiki kwanza." Chumba kile ndicho kilichoua mota.

Ndugu msomaji, huenda huna mashine ya mazulia. Lakini kijijini kwenu ipo mashine ya kusaga, pampu ya kisima, cherehani au pikipiki. Somo ni hilohilo. Siku ya shida si siku ya kutafuta fundi. Mtafute sasa, mashine ikiwa nzima na akili yako ikiwa imetulia. Ukimpata, kalamu iwe karibu. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumeona kwa macho yetu.

Mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla ya Idi, tulikwenda msikitini kuomba kazi tena. Tulichukua daftari letu, tukawaonyesha lini mashine ilitazamwa na nani aliitazama. Wazee wa msikiti walisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kazi wakatupa.

Maswali ya kujadili

1. Kikundi kilifanya makosa gani mashine ilipoharibika mara ya kwanza? Taja manne.
2. Kwa nini mwenyekiti wa mtaa hakuweza kuamua shauri lao?
3. Mashine ikiwaka lakini haivuti maji, utatazama nini kabla ya kumwita fundi?
4. Taja dalili tatu za fundi wa kuaminika na dalili mbili za fundi wa kujihadhari naye.

Zoezi

Chagua mashine moja ya kijijini kwenu. Andika katika daftari jina lake, namba yake, mwaka iliponunuliwa na fundi anayeitengeneza. Kama fundi huyo hajulikani, kaeni kikao mumtafute.